Dawa za Virusi Ziwemo Melini

Tarehe 3 Februari, 2020, meli ya watalii iitwayo Diamond Princess ilifika Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711, abiria na mabaharia. Zaidi ya nusu yao walikuwa na umri wa miaka 60 au zaidi. Meli ikawekwa karantini, na hatimaye watu 712 wakathibitika kuambukizwa UVIKO-19. Siku zile hakuna aliyeweza kulaumiwa kwa kutokuwa na dawa, maana dawa yenyewe haikuwapo duniani.

Leo udhuru huo umekwisha. Desemba 2021 Marekani iliruhusu dawa ya Paxlovid, ambayo ni mchanganyiko wa nirmatrelvir na ritonavir. Hii ritonavir si ngeni, kwani ilikwisha kutumika miaka mingi katika matibabu ya UKIMWI. Katika majaribio yaliyofanywa kwa watu wasiochanjwa waliokuwa katika hatari kubwa, waliopewa dawa hiyo ndani ya siku 3 walipungukiwa na hatari ya kulazwa hospitali au kufa kwa kiasi cha asilimia 89. Kwa homa ya mafua ipo oseltamivir, ambayo ni ya zamani zaidi.

Lakini dawa hizi zina sharti moja, nalo ndilo kiini cha hoja yetu. Paxlovid yapasa kuanzwa ndani ya siku 5 tangu dalili kuonekana, na oseltamivir hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 48. Mzee mwenye kisukari au ugonjwa wa moyo akificha kikohozi siku moja kwa kuogopa kufungiwa chumbani, na meli ikawa katikati ya bahari, dawa iliyoko duka la nchi kavu haimfai kitu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Wala nahodha asitegemee kwamba bandari itakuwa wazi daima. Machi 2020 meli ya Zaandam ilizuiwa katika bandari za Amerika ya Kusini huku wagonjwa wakiongezeka ndani yake. Abiria 4 walikuwa wamekwisha kufa ilipopokewa Florida tarehe 2 Aprili.

Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani kimezishauri meli za utalii kubeba dawa za kutosha za kupambana na virusi hivi. Ushauri huo ni mwema, lakini ushauri si amri. Wenye meli waweza kujitetea kuwa dawa ni ghali na huharibika kwa kupitwa na muda. Ni kweli kwamba mwaka 2023 bei iliyotangazwa ya dozi kamili ya Paxlovid nchini Marekani ilikuwa dola 1,390. Hata hivyo, hatusemi kila abiria awekewe dozi yake. Tunasema yafanywe makisio ya watu walio hatarini, na akiba ilingane nao.

Historia ya bahari inatufunza. Titanic ilipozama mwaka 1912 ilikuwa na watu wapatao 2,200, na mashua zake za kuokolea zilitosha watu 1,178 tu. Sheria ya wakati ule haikudai zaidi. Baada ya msiba huo, mkataba wa mwaka 1914 ukataka kila aliyemo melini awe na nafasi katika mashua. Tangu hapo hakuna mwenye meli anayeuliza kama mashua zina faida.

Kuwa na vidonge peke yake hakutoshi. Ritonavir hugongana na dawa nyingi wanazotumia wazee, zikiwamo baadhi za kupunguza mafuta ya damu na za kuzuia damu kuganda. Kwa hiyo vinahitajika vipimo, na daktari mwenye kujua dawa ambazo kila mgonjwa anazitumia.

Tena tusiwasahau wafanyakazi. Kule Yokohama, abiria walipofungiwa vyumbani, mabaharia, wengi wao kutoka Ufilipino, India na Indonesia, waliendelea kupika na kusambaza chakula, na usiku wakalala vyumba vya pamoja. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006 unadai kila meli iwe na sanduku la dawa, na unadai daktari katika meli yenye watu 100 au zaidi iendayo safari za kimataifa zinazozidi siku 3. Basi dawa za virusi nazo zitajwe waziwazi katika masharti ya namna hiyo, na zitolewe kwa kipimo cha hatari ya mgonjwa, si kwa uzito wa mfuko wake.

Meli hizi hufika pia Mombasa na Unguja. Maofisa wa afya bandarini hawana budi kuuliza swali moja: dawa zimo, na zinatosha watu wangapi? Mtu aliyekwisha kupanda meli ni amana mikononi mwa mwenye meli, na amana hulindwa kabla ya kupotea.