Ufa wa mlango, moshi na mali ya mfanyabiashara

Fedha za dhahabu na pamba zimejenga nyumba nyingi za wageni, maduka na maghala katika miji ya Geita, Katoro, Kahama na Shinyanga. Swali ambalo wawekezaji wengi hawajiulizi ni hili: moto ukizuka ghalani usiku, aliyelala chumba cha pili atapata dakika ngapi za kutoka?

Wengi wanaokufa kwenye moto wa majengo huuawa na moshi kabla ya kufikiwa na miali. Gesi ya kaboni monoksaidi, ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, haina rangi wala harufu.

Kwa wakulima na wanunuzi wa pamba hatari ni kubwa zaidi. Robota la pamba lililopata cheche huweza kufukuta ndani kwa ndani kwa siku kadhaa bila mwali kuonekana. Moshi huo hauna joto kali, lakini hupenya kila upenyo wa mlango.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wa milango ya kuzuia moto hukosea. Utepe unaopachikwa kwenye fremu ili uvimbe na kuziba nafasi hufanya kazi joto likikaribia nyuzi 200 za Sentigredi. Kabla ya hapo, moshi unapita kama kawaida.

Kwa hiyo mlango unahitaji pia kizuizi cha moshi cha brashi au cha ulimi wa mpira. Ulimi wa mpira huziba vizuri zaidi mlango ulionyooka, wakati brashi huvumilia mlango uliopinda kidogo. Zipo tepe zinazounganisha kazi zote mbili, na ndizo za kutafuta.

Kuhusu uimara, mazingira yetu ya vumbi na jua kali yanadai umakini. Mpira wa silikoni huvumilia joto na jua kuliko plastiki ya kawaida, ambayo hukakamaa na kupasuka. Tepe iliyoingizwa kwenye mfereji wa mbao hudumu kuliko iliyobandikwa kwa gundi juu ya vumbi. Mkataze fundi kuipaka rangi, kwani rangi hugandisha brashi na mpira.

Kabla ya kulipa, mnunuzi akague mambo manne. Nafasi kati ya mlango na fremu, pembeni na juu, iwe milimita 3 hadi 4. Tepe isikatike ovyo kwenye bawaba na kitasa. Chini ya mlango pia pazibwe. Na mlango ujifunge wenyewe, kwani mlango ulioegeshwa jiwe ili ubaki wazi hauzuii chochote.

Ni vyema ikaeleweka kuwa tepe nzuri kwenye mlango mwepesi wa mbao za kubandika ni fedha iliyopotea, maana mlango wenyewe utaungua mapema.

Aidha, kuzuia moshi kusigeuke kufungia watu. Mwaka 1994 wanafunzi wa kike wa Shauritanga, Kilimanjaro, waliteketea katika bweni ambalo mlango wake ulikuwa umefungwa. Mlango wa kutokea ufunguke kwa ndani bila ufunguo.

Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, lililopewa nguvu na sheria ya mwaka 2007, lina kazi ya kukagua majengo ya biashara. Mfanyabiashara asiuone ukaguzi kuwa ni tozo tu. Atumie nafasi hiyo kumwonyesha mkaguzi michoro kabla ya kununua milango. Moto ukizuka, namba ya kupiga ni 114.

Tofauti ya bei kati ya mlango wenye vizuizi na usio navyo ni ndogo ukilinganisha na shehena ya pamba au uhai wa mpangaji. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Safari hii ufa wenyewe uko mlangoni.