UCHAMBUZI: Mcheza kwao hutuzwa, lakini kwa tuzo gani?

KILA mwanzo wa mwaka, wapenzi wa densi ya baleti huelekeza macho yao katika mji wa Lausanne, Uswisi, ambako wanafunzi wa umri wa miaka 15 hadi 18 kutoka pembe zote za dunia hushindana kwa takriban juma moja. Mashindano hayo, yajulikanayo kama Prix de Lausanne, yalianzishwa mwaka wa 1973 na mwenye viwanda Philippe Braunschweig pamoja na mkewe, Elvire.

Yanatofautiana na mashindano mengi kwa mambo mawili. Kwanza, majaji hawamtazami mwanafunzi jukwaani pekee, bali humkagua pia darasani, namna anavyopokea mafunzo na kujirekebisha. Pili, washindi hupewa ufadhili wa kuendelea na mafunzo kwa mwaka mmoja katika shule au kundi la densi lenye sifa. Hata wasioshinda hupata fursa ya kuonekana na wakuu wa shule hizo, na baadhi yao huondoka na nafasi ya masomo.

Kwa hivyo, tuzo yenyewe ni shule.

Mwaka wa 1990 nishani ya dhahabu ilinyakuliwa na Carlos Acosta, kijana wa miaka 16 kutoka Havana, Cuba. Babake, dereva wa lori aliyekuwa na watoto 11, alimpeleka katika shule ya baleti ili asipotoke mitaani, na pia kwa sababu huko angepata chakula cha bure. Mvulana huyo, ambaye ndoto yake ilikuwa kandanda, alihepa masomo hadi akafukuzwa, kabla ya kupewa nafasi nyingine. Mnamo 2020 akawa mkurugenzi wa Birmingham Royal Ballet, Uingereza.

Wengi humsifu kwa kipaji chake. Hata hivyo, kipaji hicho kingezimika lau Cuba isingekuwa na shule za densi zisizotoza karo. Lausanne ilivuna tu. Mbegu ilipandwa na kupaliliwa Havana.

Humu nchini, mashindano si haba. Tamasha za Muziki zimekuwepo tangu 1927, na kila mwaka maelfu ya wanafunzi hupanda ngazi kutoka mashinani hadi kiwango cha kitaifa. Lakini aghalabu safari huishia hapo. Kombe huwekwa ofisini mwa mwalimu mkuu, naye mtoto aliyelileta hurejea darasani kana kwamba hakuna lililotendeka.

Joel Kioko, kijana kutoka mtaa wa mabanda wa Kuwinda, Nairobi, aling'ara katika baleti kwa kuwa alipata walimu waliojitolea na wafadhili waliomwezesha kufunzwa ng'ambo. Ufanisi wake ni fahari kwa taifa, ila pia ni swali: ni wangapi waliokosa bahati hiyo?

Wapo watakaosema kwamba baleti ni utamaduni wa kigeni, na kwamba nchi yenye uhaba wa madarasa haina haja nayo. Hoja hiyo ina uzito, ila haigusi kiini cha suala. Mtoto hodari wa isukuti au mwanzele hukumbwa na pengo lilo hilo: hushangiliwa siku moja, kisha hukosa mwalimu, ukumbi na karo.

Mtaala wa umilisi, ambao wanafunzi wake wa kwanza walipangiwa kuingia Gredi ya 10 mnamo 2026, umetenga mkondo wa Sanaa na Michezo. Mkondo huo waweza kuziba pengo hilo, mradi shule zipewe walimu waliohitimu, kumbi na ufadhili kwa watoto wa maskini. Bila hayo, utabaki kuwa jina tu kwenye karatasi.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Tuzo bora kwa mtoto anayecheza kwao ni mahali pa kujifunza kesho yake.