Wizi wa Filamu na Msambazaji Mdogo

Wako watu wasemao kwamba wizi wa filamu katika intaneti ni jambo jepesi, ati humpunguzia tajiri alichozidishiwa. Husema hivyo kwa sababu wakitaja senema ya Bara Hindi huitazama Mumbai peke yake, wakasahau Kitamil, Kitelugu, Kimalayalam na Kimarathi, lugha ambazo kila moja ina picha zake, majumba yake na wafanya biashara wake.

Katika biashara hiyo mtengenezaji huuza haki ya kuonyesha filamu jimbo kwa jimbo. Soko la Kitelugu limegawanywa toka zamani kuwa Nizam, Ceded na Andhra, na mara nyingi msambazaji hulipa kima kilichokatwa kabla tiketi ya kwanza haijauzwa. Nyota amekwisha pokea ujira wake. Filamu ikiibwa siku ya Ijumaa, siku ambayo picha mpya nyingi huanza kuonyeshwa huko, aumiaye ni yule aliyekopa fedha akanunua wilaya chache, pamoja na mwenye jumba la senema katika mji mdogo. Je, huyo ndiye tajiri?

Watetezi wa wizi hupenda kuitaja Attarintiki Daredi. Mwaka 2013 karibu nusu ya filamu hiyo ya Kitelugu ilivuja kabla ya kutolewa. Ikatolewa upesi, nayo ikapata faida kubwa. Walakini hoja hii yachechemea. Mchezaji mkuu alikuwa Pawan Kalyan, ambaye mashabiki wake wangalijaza hata ghala. Picha isiyo na jina kubwa haina jeshi la kuiokoa.

Wenye biashara nao wasijitakase. Filamu ya Kimalayalam, Premam, ilipoenea katika intaneti mwaka 2015, nakala ilikuwa na alama ya wakaguzi: haikunaswa gizani na mtazamaji mwenye kamera, bali ilitoka katika mikono iliyoaminiwa. Sheria ya mwaka 2023 humtisha mwizi kwa kifungo cha miezi 3 mpaka miaka 3, na faini isiyopungua rupia 300,000, ambayo yaweza kufika asilimia 5 ya gharama za kutengeneza filamu. Ukali huo wastahili, lakini hauwarudishii kitu waliokwisha lipa. Rajinikanth aliwafidia wasambazaji hasara ya filamu yake Baba ya mwaka 2002, iliyoshindwa sokoni, na hiyo ilikuwa ihsani. Fidia ya filamu iliyovuja ikiwa bado mikononi mwa mtengenezaji haifai kungojewa kama ihsani. Yapasa iandikwe katika mkataba, kabla msambazaji hajatoa rupia yake ya kwanza.