Mtoto wa Chatu Aliyekataa Kula



Siku moja mama mmoja wa kanisa alifika kwangu na telefone mkononi. Binti yake anakaa Liège, kule Ubelgiji, pamoja na bwana na watoto. Mjukuu wake, kijana wa miaka 14, alikuwa amenunua mtoto wa chatu kwa makuta yake mwenyewe. Ni nyoka tuliyezoea kumwita boa. Siku kumi zilipita, nyoka hakula kitu.

“Baba Pasta,” mama akasema, “ile nyoka iko mu chumba ya mutoto na inakatala kula. Miye naona ni kindoki. Bamutupe inje!” Tena shangazi mmoja alikwisha kuanza kusema kwamba kijana mwenyewe ameingiliwa.

Hapo niliogopa, si juu ya nyoka, lakini juu ya mtoto. Munajua namna neno kindoki linavyofukuza watoto katika nyumba zetu. Nikamwomba mama tusikie kijana kwanza. Tukamwita kwa telefone. Yeye akauliza jambo moja tu: “Nkambo, nyoka yangu itakufa?”

Sasa musikie. Chatu yule ni wa aina ndogo, Wafaransa wanamwita python royal. Asili yake ni Afrika ya Magharibi na ya Kati. Wengi walitolewa Ghana, Togo na Benin kupelekwa Ulaya. Hana sumu, na mara nyingi hapiti metre moja na nusu. Akishikwa na woga anajikunja kama mpira, anaficha kichwa katikati. Mnyama wa namna hiyo akiogopa, hali. Hiyo ndiyo tabia yake, si uchawi.

Tuliuliza kijana: umemweka wapi? Kumbe alimweka katika sanduku kubwa la vioo, taa juu, pasipo mahali pa kujificha. Kila jioni rafiki zake walikuja kumshika na kupiga picha. Kila siku alimtolea chakula, akaondoa, akatoa tena. Nyoka hakupata kupumzika hata kidogo!

Kijana akarudi kwa muuzaji na kwa munganga wa nyama. Haya ndiyo waliyomwonyesha:

Kwanza, maficho. Tia vijumba viwili vidogo vya kumbana kidogo, kimoja upande wa joto, kimoja upande wa baridi. Funika vioo kwa karito, pande tatu.

Pili, joto. Upande mmoja ufike degre 31 ao 32, upande mwingine karibu 26. Pima kwa termometre, usikisie. Nyoka mwenye baridi hawezi kusaga chakula tumboni. Maji ya kunywa yasikosekane.

Tatu, umwache. Juma zima usimshike, usimpe chakula. Badilisha maji tu, kisha ondoka.

Nne, chakula anachokijua. Muuzaji alimzoeza panya wadogo wanaoitwa souris, lakini kijana alinunua panya wa aina nyingine. Basi kabla ya kununua nyoka, uliza: amekwisha kula mara ngapi, na kitu gani? Panya asipite unene wa nyoka mwenyewe. Kule wanauzwa wamekufa, wamegandishwa. Unayeyusha, unapasha moto ndani ya maji ya moto, kwa maana chatu anasikia joto kwa vitundu vya mdomoni. Mtolee usiku, taa imezimwa, kwa koleo ndefu, mbele ya kijumba chake. Akikataa, acha pale mpaka asubuhi, kisha ondoa na ungoje siku tano mpaka saba. Panya mzima usimwache ndani, anaweza kumuuma nyoka. Wala usimlishe kwa nguvu, hiyo ni kazi ya munganga.

Tano, mpime kwa kilo kila juma. Akikonda sana, ao akipumua kwa mdomo wazi, mpeleke kwa munganga. Na ukimshika, nawa mikono kwa sabuni, kwa kuwa nyoka anaweza kubeba mikrobe ya salmonella.

Siku ya 19 ujumbe ulifika: “Nkambo, amekula!” Kisha siku mbili hakumgusa, asije akatapika.

Vijana wa huku, nisisikie mumekwenda porini kutafuta chatu. Yule wa Katanga anaweza kupita metre nne. Tena biashara ya chatu kati ya inchi na inchi iko chini ya mapatano ya CITES ya mwaka 1973, inaomba ruhusa.

Lakini ninyi wazazi, nawaulizeni. Mtoto wa ndugu akifika kwenu kutoka mbali, akikaa mbele ya bukari pasipo kula, munasema nini? Wengine wanasema upesi: “Huyu ana roho mbaya.” Je, amepata mahali pake pa kulala? Amesikia joto la nyumba? Mumemwacha apumzike, ao kila mtu anamtazama mdomoni? Tutengeneze mahali kwanza, kisha tungoje.

Mama yule hasemi tena kindoki. Kila siku ya posho anaita Liège na kuuliza: “Nyoka yetu iko na gramu ngapi leo?”

Mpaka mwezi ujao.
Mchungaji wenu