KIBARUA AKIANGUKA, NANI ANAMLIPA?

Ndugu wafanya kazi, ndugu wenyeji wa Kadutu, Bagira na Ibanda,

Mji wetu unajengwa juu ya milima, na nyumba za ghorofa zinapanda katika miteremko ambako hata mbuzi anapita kwa hofu. Kila asubuhi vijana wanabeba mchanga, mawe na simenti mgongoni, wanapanda juu ya miti iliyofungwa kwa kamba na misumari. Mmoja akianguka, yanayofuata tunayajua. Kapita anatoa franka kidogo, anasema, "Enda kwa mganga, ukipona urudi." Kesho yake asubuhi mtu mwingine amekwisha shika nafasi yake.

Tunasema wazi: franka za kapita si malipo ya ajali.

Wengi wanadhani kibarua asiye na karatasi hana haki. Wanakosea, na wako matajiri wanaopenda wakosee hivyo. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema kwamba mtu wa siku kwa siku, akiisha kufanya siku 22 katika miezi miwili, kisha akachukuliwa tena kabla ya miezi hiyo kwisha, anahesabiwa ni mfanya kazi wa kudumu. Na mkataba usipoandikwa, yeye anaweza kuuthibitisha kwa njia yo yote. Basi andika siku zako. Andika katika daftari la mtoto, andika hata kwa makaa ukutani, pamoja na jina la kapita na mahali pa shantie.

Ajali ikitokea, shika majina ya wenzako walioona. Hospitalini sema bila haya kwamba umeumia kazini, wala usiseme umeteleza nyumbani kwa kuwa kapita amekuomba hivyo. Omba karatasi ya mganga yenye tarehe, jeraha na siku za kupumzika. Ukiletewa karatasi ya kutia sahihi au kidole, na huwezi kuisoma, ngoja mtu wako aisome kwanza. Wengine wametia kidole chini ya maneno "nimelipwa yote," na mguu ungali katika plasta.

Tajiri ndiye anayepaswa kupeleka habari kwa Inspekta wa Kazi na kwa CNSS. Akinyamaza, ndugu yako aende. Wazee wangali wanaiita INSS, jina lililotumika mpaka 2018. Ilizaliwa kwa sheria ya tarehe 29 Juni 1961, siku moja kabla ya Uhuru kutimiza mwaka. Sheria inayoiongoza sasa ni ya tarehe 15 Julai 2016. Franka za ajali za kazi ni 1.5% ya mshahara, na anazitoa tajiri peke yake. Ukikatwa hizo, uliza. Katika fedha hizo mnatoka matunzo ya jeraha, posho ya siku usizoweza kufanya kazi, pensheni ya aliyebaki kilema, na haki ya mjane na yatima. Aliyegongwa njiani akienda kazini naye amo. Tajiri akisema hakukuandikisha, kosa ni lake, usikubali kufukuzwa kwa neno hilo. Mkishindana, Inspekta anawapatanisha kwanza. Isipowezekana, shauri linakwenda mbele ya Baraza la Kazi.

Ndugu zetu wa machimbo, mliopewa kazi na kampuni, haya ni yenu pia. Lakini mchimbaji wa kujitegemea hana tajiri wa kumshitaki. Tarehe 11 Septemba 2020, mvua ilipoangusha mashimo ya Kamituga, watu kama hamsini walikufa. Wajane wao wangebisha mlango gani? Kwa maoni yetu, kila ushirika wa wachimbaji uweke pembeni fedha za ajali kabla ya kugawana dhahabu, na hesabu isomwe mbele ya wote.

Tena tunajua hali ya mji. M23 walipoingia Bukavu mwezi wa Februari 2025, benki zilifunga milango na kazi za ofisi zikavurugika. Kwa sababu hiyo hasa karatasi zisipotee. Zifunge katika plastiki, mvua ya huku inajulikana, na nakala moja ikae kwa ndugu wa mtaa mwingine.