Hakuna Aliyezaliwa Simba wala Yanga

Simba au Yanga ikija Dodoma, mji unajua tangu alfajiri. Wamachinga wanatundika jezi kwenye ukuta wa Uwanja wa Jamhuri, nyekundu huku, kijani na njano kule. Bodaboda wanafunga bendera, vuvuzela zinalia kuanzia Majengo hadi Area C, na kufika saa sita mchana foleni ya kuingia imeshajikunja kona mbili. Siku moja ya namna hiyo nilimuuliza kijana mmoja muuza jezi kama anayo ya Dodoma Jiji. Akacheka kwa adabu, maana ndevu zangu ni nyeupe. "Mzee wangu, hiyo nilete aje anunue nani?"

Ndani mambo ni mabaya zaidi. Walima Zabibu, yaani Dodoma Jiji, wakipata kona, uwanja unatulia kama watu wamekaa matanga. Mgeni akivuka tu mstari wa kati, majukwaa yanasimama. Beki wa Dodoma Jiji akiokoa mpira uliokuwa unaingia golini, anazomewa. Anazomewa Dodoma, na watu wa Dodoma, ambao kodi wanazolipa soko la Sabasaba zinaingia kwenye halmashauri inayoimiliki timu hiyo. Sijui mchezaji wa namna hiyo akipiga simu kwao jioni anasema amecheza nyumbani au ugenini.

Ukiwauliza wahusika, wote watakujibu kitu kimoja, kwa sauti ya mtu anayekutajia ukoo wake: "Mtanzania huzaliwa Simba au Yanga." Nimelisikia neno hili saluni, nimelisikia msikitini baada ya swala, nimelisikia kwa wasomi wa chuo kikuu pale kwenye vilima. Linasemwa kana kwamba mkunga alikuwa na mapipa mawili ya rangi chumbani. Ni uongo, na umeshatugharimu vya kutosha.

Tuanze na historia, maana waumini wa imani hii huipenda sana historia ilimradi isichunguzwe. Yanga ilianza 1935, Simba 1936, na mpaka 1971 hiyo ya pili ilikuwa ikiitwa Sunderland. Zote mbili ni za Kariakoo, Dar es Salaam. Zilizaliwa na vijana wa mitaa ile, watu waliotaka timu ya pale walipokuwa wanaishi, wanakula na kugombana. Mwanzo wake hasa ni huo: mapenzi ya timu ya mtaani. Waliokuwa wanaishi Jangwani walishabikia ya Jangwani. Hawakwenda kutafuta timu ya Nairobi ya kuizimia. Kwa hiyo Mgogo wa Bahi anayejiita Yanga damu anawaiga wazee wa Kariakoo kwa kila kitu isipokuwa kile walichokifanya.

Huku kwetu timu hizo zilifika kwa treni na kwa redio. Reli ya Kati ilileta makarani, walimu na mafundi, kila mmoja na begi lake na timu yake. Baadaye Radio Tanzania ikawa inatuingizia Kariakoo sebuleni kila mechi kubwa, na mtoto wa Mpwapwa akawajua mawinga wa Dar es Salaam kabla hajamwona mchezaji hata mmoja wa mkoani kwake. Kisha likaja wimbi la 2016, Serikali ilipoamriwa kuhamia makao makuu kwa vitendo baada ya kungoja tangu uamuzi wa 1973. Watumishi wakahama na mafaili, mafriji na usimba wao. Kitu kilichosafirishwa kwa mabehewa na mawimbi ya redio hakiitwi damu. Kinaitwa usambazaji, na wala sio dhambi. Dhambi ni kuusahau na kuugeuza kuwa maumbile.

Na hata usambazaji huo haukumeza kila kitu. Mwaka 1975 ubingwa wa Bara ulichukuliwa na Mseto ya Morogoro. Mwaka 1986 ukaenda Tukuyu, mji wa migomba na mvua ambao hata ramani nyingine huusahau. Mwaka 1988 ukawa wa Coastal Union ya Tanga, na 1999 na 2000 Mtibwa Sugar ya Turiani ikauchukua mara mbili mfululizo. Hapa Dodoma palikuwa na CDA, timu ya mamlaka iliyopewa kazi ya kuujenga mji mkuu, na baadaye Polisi Dodoma. Wazee wenzangu wanazikumbuka. Sasa waulize walizisindikiza vipi ziliposhuka. Watakuambia ziliposhuka, zilishuka tu. Hakuna aliyelia.

Nije kwenye hoja yao ya pili, ile wanayoiona nzito: "Timu ishinde kwanza, mashabiki watakuja." Dodoma Jiji ilipanda Ligi Kuu na kuanza kuicheza msimu wa 2020/21, na haijawahi kuwa bingwa, kwa hiyo bado tuko kwenye "kwanza". Hoja hii inasikika ya kibiashara na ya akili. Nataka niipeleke mbali, kwenye mchezo ambao wasomaji wangu wengi hawaujui hata kanuni zake: besiboli.

Mji wa Hiroshima, Japani, ulipigwa bomu la atomiki Agosti 1945. Mwaka 1950, watu wakiwa bado wanajenga vibanda juu ya majivu, mji huo ukaingiza timu kwenye ligi ya kulipwa, inaitwa Carp, jina la samaki. Timu nyingi kule wakati huo zilikuwa na kampuni kubwa nyuma yake, za magazeti au za reli. Carp haikuwa na kampuni ya kuitegemea. Ilikuwa na mji na mkoa wake tu. Ilikuwa mbovu. Ilifungwa na kufungwa tena, na kufika 1951 haikuwa na fedha za mishahara, ikawa inazungumzwa kuunganishwa na timu ya mji mwingine. Wenyeji wakaweka mapipa ya pombe mlangoni mwa uwanja, matupu, na kila aliyeingia akatumbukiza alichonacho. Watu waliopoteza nyumba na ndugu walitumbukiza sarafu kwenye pipa ili timu inayofungwa isiondoke. Ubingwa wao wa kwanza wa ligi ulikuja 1975. Hesabu mwenyewe: miaka 25. Mashabiki ndio walitangulia, tena kwa robo karne.

Najua utaniambia wale ni Wajapani. Haya, tuende Mbeya. Mbeya City ilipanda Ligi Kuu 2013, timu ya halmashauri kama yetu, na msimu wake wa kwanza ikamaliza ya tatu nyuma ya Azam na Yanga. Lakini kilichoishangaza nchi kilikuwa majukwaani. Watu wa Mbeya walivaa zambarau, wakajaza uwanja wa Sokoine, wakakodi mabasi kuifuata timu hadi Dar es Salaam. Mbeya hiyohiyo, yenye watu wale wale ambao eti walizaliwa Simba na Yanga. Damu yao ilikwenda wapi msimu ule? Timu baadaye ilishuka, ikakaa chini, ikapanda tena 2025. Nilichojifunza kwao ni kwamba damu hubadilika rangi ukiamua kukata tiketi.

Gharama niliyoisema mwanzo tunaiona vizuri hapa jirani, Singida. Singida United ilishuka 2020. Mwaka 2022 ikaja Singida Big Stars, ambayo mwanzo ilikuwa DTB, timu ya benki. Mwaka uliofuata ikawa Singida Fountain Gate. Mwaka 2024 ikaondoa neno Singida kwenye jina, ikahamia Babati, na mahali pake pakaja Ihefu kutoka Mbarali, ikabatizwa Singida Black Stars. Ihefu hii ndiyo ile iliyoifunga Yanga 2-1 Novemba 29, 2022 na kuikatizia mechi 49 bila kupoteza. Wakulima wa mpunga wa Mbarali walikuwa na timu iliyofanya ambacho nchi nzima ilishindwa, halafu siku moja wakaamka haipo. Imepakiwa kama trekta la kukodi.

Hebu jaribu kupakia Yanga uipeleke Kigoma uone. Hakuna tajiri mwenye ubavu huo, kwa sababu watu watalala barabarani. Timu za mikoani zinahamishwa, zinauzwa na kubatizwa upya kwa kuwa wanaozihamisha wanajua kabisa hakuna atakayelala barabarani. Shabiki ndiye hati ya kiwanja. Sisi tumeiacha hati mezani kwa madiwani na wafadhili kisha tunalalamika timu ni "ya wanasiasa". Ni ya wanasiasa, nakubali, na bajeti ya jiji ina mashimo ya kuzibwa kabla ya kununua mshambuliaji. Lakini itakuwa ya nani mwingine, ikiwa wewe huitaki?

Wapo wapatanishi. Hawa wananichosha kuliko wote. "Mimi moyo wangu Msimbazi, ila na timu ya nyumbani naipenda." Wengine wananitajia hadi mila: si Mgogo huweka ng'ombe wake kwa marafiki vijiji vya mbali, ili ukame ukipita huku, kule wabaki? Kweli, ndivyo babu zetu walivyofanya, na kwa nchi yenye mvua za kubahatisha kama hii ilikuwa busara kubwa. Ila babu aliyeweka ng'ombe ishirini Kongwa hakuacha zizi lake Chamwino liote magugu. Nyie mmepeleka kundi zima, kisha mnatuonyesha zizi tupu na kutuambia mnalipenda.

Februari 2025 basi la Dodoma Jiji lilipata ajali mkoani Lindi, likitoka Ruangwa kucheza na Namungo. Wachezaji wakajeruhiwa, na mechi yao iliyofuata, dhidi ya Simba, ikaahirishwa. Nilikuwa kijiweni kwetu habari ilipofika. Swali la kwanza lililoulizwa, na mtu ninayemheshimu, baba wa watoto wanne, halikuwa nani kaumia. Lilikuwa: "Sasa hizo pointi tatu za Mnyama inakuwaje?" Sikumjibu. Niliacha kahawa yangu nusu kikombe nikaondoka, na mpaka leo tukisalimiana ni kwa mkono wa haraka.

Kuna hoja moja tu yao ninayoiheshimu: kwamba mapato ya mlangoni ya siku ya Simba na Yanga ndiyo yanayolisha timu ndogo msimu mzima. Ni kweli kiasi kwamba tumeziona timu zikihamisha mechi zao za nyumbani kwenda mji mwingine, ili tu zipate uwanja utakaojaa wageni. Lakini mtu hajisifu kuwa analisha mtoto kwa kumpa chakula siku mbili kwa mwaka. Kama nusu ya wanaopanga foleni siku hizo mbili wangekuja mechi tano nyingine, kwa kiingilio kilekile cha mzunguko, Walima Zabibu wasingehitaji kumwombea Mnyama afike salama.

Simwambii mtu avue jezi yake. Nina mwanangu Kolo wa Simba na mkwe wangu Utopolo wa Yanga, na wote wanakula kwangu Idi na Krismasi. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba hawakuwa na la kufanya. Walichagua, wakiwa na akili timamu, kitu kilicho kilomita 450 kutoka kwao, na siku hizi treni ya umeme imewasogezea zaidi. Aliyechagua anaweza kuchagua tena.

Mechi za Dodoma Jiji ambazo haziji na Kariakoo mara nyingi huchezwa saa nane mchana au saa kumi jioni. Tiketi utapata bila foleni na karanga bado za moto. Mimi hukaa upande wa jua, maana kivulini ni ghali, na safu yangu ina nafasi kumi na saba wazi. Njoo na kofia.