Macho Mekundu

Ndugu Wanachama,

Huenda mtauliza, katibu wa wakulima wa karafuu ana habari gani na Shinyanga na Geita, nchi ya ng'ombe, pamba na dhahabu? Ninayo haja, kwa kuwa huko watu wamelipa kwa damu jambo ambalo sisi visiwani twalifanya kila siku: kujihadithia neno, kisha kuliona kwa macho.

Chukueni habari ya vikongwe. Kwa miaka mingi, bibi mzee wa Usukumani mwenye macho mekundu alihesabiwa mchawi, na wengi waliuawa kwa mapanga. Basi wekundu ule watoka wapi? Zama za Mwingereza, misitu mingi ya Shinyanga ilifyekwa ili kuwamaliza mbung'o, kisha ikafyekwa tena kwa mashamba ya pamba. Kuni zikawa haba, wanawake wakapikia samadi kavu ya ng'ombe na mabua. Moshi wake ni mkali, na mwanamke aliyeuinamia miaka 40 katika kibanda kisicho na dirisha atapata wapi macho meupe? Walakini hadithi ilikwisha kusema "mchawi", na tangu hapo hakuna aliyeliona jiko, ijapokuwa lilikuwa mbele yake. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, miti ikarudi katika ngitili. Kwangu mimi, mzigo wa kuni ni hoja bora kuliko hotuba kumi.

Tena watazameni wachimbaji wadogo. Hawana vyombo wala mtaalamu wa kuwaonyesha mshipa wa dhahabu umepita wapi, wanabahatisha. Aliyepata, ikiwa alikwenda kwa mganga, habari yake huenea kambi nzima. Waliokwenda wasipate, nani anawahesabu? Ndivyo ilivyopata nguvu ile hadithi kwamba kiungo cha mtu mwenye ualbino huleta utajiri, na kuanzia mwaka 2007 makumi ya watu, watoto wakiwamo, waliuawa, wengi wao katika mikoa hiyo ya ziwa. Mwaka 2009 Waziri Mkuu Pinda alifuta leseni za waganga wa jadi, na mwaka huohuo Mahakama Kuu ikiketi Kahama iliwahukumu wauaji watatu kifo.

Lakini ilitangulia hadithi nyingine, ya zamani, ambayo wengi wetu tumeisikia utotoni na kucheka: kwamba mwenye ualbino hafi, hutoweka tu. Kweli ni kwamba wengi walikufa mapema kwa kansa ya ngozi, kwa ajili ya jua, hata wazee wao wakawa wachache kuonekana. Mtu akiisha kuamini kwamba mwenzake hafi, panga huwa jepesi mkononi mwake.

Na sisi je? Miaka ya 1950 wataalamu walionyesha kwamba mikarafuu iliyokuwa ikifa ghafula hapa iliuliwa na kuvu. Hata hivyo, leo mti ukinyauka, wako wanaomtazama jirani kabla ya kutazama mizizi. Na jirani huyo mara nyingi ni mjane asiye na wa kumtetea.

Kwa hiyo nitauomba mkutano ujao ukubali jambo moja. Mwanachama atakayekuja ofisini kuarifu mkarafuu uliokufa alete kipande cha mzizi na gome, tukipeleke kwa bwana shamba. Jina la mtu sitaliandika.

Katibu